Plagi Nyeusi za Kaka

Fungeni Biblia kidogo, wapendwa, tushuke mwaloni, kule ufukweni boti zinakotia nanga. Kulikuwa na fundi mmoja wa injini za boti, fundi hasa, si hawa wa kubahatisha. Ukimletea injini inayokohoa hakuwa na maneno mengi. Alifungua plagi, akaitazama juani, akakwambia injini yako inaishije. Plagi ya kahawia, injini ina afya. Plagi nyeusi yenye utelezi wa masizi haitoi cheche, na sababu zake, alikuwa akisema mwenyewe, ni mbili: ama umezidisha oili kwenye petroli, ama unaiacha injini ingurume polepole muda mrefu bila kwenda popote.

Fundi huyu alikuwa na kaka yake, mvushaji wa abiria kati ya mwalo ule na kisiwa cha ng'ambo. Mwaka mmoja binti wa kaka huyo alizama karibu na mawe ya kisiwani. Watu walilia, walizika, arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Nanyi mnajua tulivyo: tukishakula wali wa msiba, tunadhani na mfiwa ameshamaliza.

Tangu hapo injini ya kaka ikaanza kusumbua. Kila Jumamosi, plagi nyeusi tii. Fundi akazisugua kwa brashi ya waya, akazirudisha. Jumamosi nyingine, nyeusi tena. Mara ya tano uzalendo ukamshinda. Mbele ya abiria, mbele ya wanawake walioanika dagaa, akamwinulia kaka yake plagi usoni.

"Kaka, nikwambie mara ngapi upunguze oili? Mkono wako mzito. Utaiua hii injini."

Abiria wakacheka. Kaka mtu aliitazama ile plagi, midomo ikamcheza kama anayetaka kusema jambo, kisha akainamisha kichwa.

"Sawa, mdogo wangu. Nitapunguza."

Na alipunguza. Hapo ndipo panaponiuma. Akaweka oili nusu ya ile aliyozoea, kwa kuwa mdogo wake ni fundi, na fundi amesema. Siku ya nne, jioni, ziwa likiwa limechafuka, injini ikakauka ndani, ikanoki, haikuzunguka tena. Boti ilikutwa imepasuka juu ya mawe ya kisiwani. Mwenyewe alipatikana kesho yake.

Baada ya mazishi fundi aliifungua ile injini, akaona imekufa kwa kukosa oili. Akamwendea mvushaji mmoja aliyefanya kazi na marehemu, akamuuliza kaka alikuwa akitafuta nini kwenye mawe, maana njia ya boti haipiti kule.

"Mbona alikuwa pale kila jioni, fundi," yule akajibu. "Akishashusha abiria alikwenda alipozama mtoto. Kuzima injini hakuweza, mawimbi yangemtupa. Aliiacha ingurume polepole, saa nzima, anaongea na mwanawe. Sisi tulidhani unajua."

Fundi aliketi mchangani akalia mpaka watu wakamwinua. Kipimo cha oili cha kaka yake kilikuwa sawa tangu mwanzo. Sababu ni mbili, zote alizijua, akachagua ile yenye lawama.

Sasa tutoke mwaloni, turudi humu ndani. Yule mama aliyeacha kwaya, tulisemaje? Amepoa kiroho. Yule baba anayeketi benchi la mwisho na kuondoka kabla ya baraka? Ana kiburi. Sisi ni mafundi, tukiona weusi tunajua umetoka wapi. Tukawasugua kwa brashi ya waya, mbele za watu, tukawaambia wapunguze. Na wengine walitutii, wapendwa. Walipunguza kilekile kilichokuwa kikiwaweka hai. Ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza mmoja wao: ukitoka hapa jioni, huwa unapitia wapi?

Nami nimo. Yule mama wa kwaya nilimkemea mimi, nikiwa nimesimama hapahapa. Ibada ikiisha leo naenda kwake, na sina la kumfundisha, naenda kuuliza tu. Sijui kama atanifungulia mlango.