Mbwa Aliyesimama Ng'ambo ya Kundi

Mtu mmoja alikuwa na kondoo, na mbwa, na ndugu. Kondoo aliwarithi kwa baba yake. Mbwa aliachiwa na wageni wa shamba kubwa la jirani siku walipofungasha vyao na kuondoka. Ndugu alizaliwa naye tumbo moja. Katika hao wote, aliodhani anawaelewa ni kondoo peke yao, na hata hao aliwaelewa nusunusu.

Mtu huyo aliitwa Ambakisye, na mdogo wake Gwamaka. Kwao ndiko kwetu, kule juu ambako alfajiri umande huganda kwenye majani na ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Ninyi mliozaliwa huku kwenye joto hamwezi kujua jinsi ninavyoukumbuka ukungu ule, na harufu ya sufu iliyolowa, na mlio wa kengele shingoni mwa dume la kondoo usiloliona. Baba yao alipokuwa hai, kila jioni alisimama kwenye lango la zizi akapiga mluzi. Wanawe walikuwa huko nyuma ya kundi na fimbo zao, mmoja upande huu, mwingine upande ule, hawaonani, wanaitana tu. Kondoo waliufuata mluzi, watoto wakawafuata kondoo, kisha wote wakakaa kuuzunguka moto wakila viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Siku zile zilikuwa njema. Nazitamani mpaka leo, na sioni haya kusema hivyo.

Mzee alipofariki, Ambakisye akawa mkubwa wa nyumba. Alirithi kondoo, lakini mahali pa baba pa kusimama hakupachukua. Tangu utoto alizoea kuwa nyuma ya kundi na fimbo, basi akabaki huko huko nyuma, anasukuma. Alisukuma kondoo, na alipozoea akasukuma na watu.

Gwamaka hakuwa mtu wa kelele. Lakini kila jambo alilolisukuma kaka yake, yeye alikuwa ng'ambo ya pili. Alikaa upande wa pili wa moto, akamtazama kaka yake usoni, akasema hapana. Ambakisye alipotaka kulima viazi kwenye malisho ya bondeni, ambayo baba yao aliyatunza kwa ajili ya kondoo wenye mimba, Gwamaka alisema hapana. Alipotaka kuwapeleka kondoo wakalishwe kule ukingoni, juu ya korongo, Gwamaka alisema hapana tena, kwa sauti ile ile ya upole inayoudhi kuliko matusi. Najua mnamfikiria nani. Subirini kwanza, sijamaliza.

Mwishowe Ambakisye alichoka. Alimwambia mdogo wake kwamba nyumba hiyo haiwezi kuwa na mtu wa kusema ndiyo na mtu wa kusema hapana, achague pa kwenda. Gwamaka alichukua blanketi lake akashuka kwenye mashamba ya miti, akawa mpasua mbao. Bonde likalimwa viazi. Kondoo wakapelekwa ukingoni. Nyumba ikawa kimya, na Ambakisye akauita ukimya ule amani.

Akabaki na mbwa. Alikuwa mweusi, mwenye ukosi mweupe shingoni, na kwa sababu ya ukosi huo majirani walimpa jina la Mchungaji. Wacheni kucheka. Alifanya kazi kuliko wengi wetu tunaovaa ukosi. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Kila Ambakisye alipoanza kuwaswaga kondoo kwa nyuma, mbwa yule aliondoka mbio, akaenda mbali kama anayetoroka, akazunguka kundi zima bila kubweka, akajitokeza upande wa mbele. Hapo alilala chini, kidevu karibu na nyasi, akawakazia kondoo macho. Kondoo waliganda. Ambakisye akisogea kulia, mbwa alisogea kushoto. Akirudi kushoto, mbwa alikwenda kulia. Siku zote kundi lilikuwa katikati, na siku zote mbwa alikuwa amemwelekea yeye. Ambakisye alimwona mkaidi, tena mwenye macho ya kichawi. Alimfunga kamba nyuma ya nyumba, na mbwa yule, kwa kukosa kazi, akawa anawakusanya kuku kwa macho mpaka wanashindwa kula.

Ikaja siku ya ukungu mzito. Ambakisye alikuwa ukingoni peke yake na kundi. Alipoona hali inaharibika aliwakusanya kondoo, akaanza kuwasukuma kuelekea nyumbani, au alikodhani ni nyumbani. Hapakuwa na mtu wa kumwitikia kutoka upande wa pili. Mara kondoo wakasimama. Akawapiga, wasiende. Alipoinama kuchungulia kati ya miguu yao aliona ukosi mweupe. Mbwa alikuwa ametafuna kamba, amekuja, na amelala kule kule mbele anakolala siku zote.

Ambakisye alipandwa na hasira ya miaka. Alimtukana yule mbwa, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba katikati ya matusi alimtaja Gwamaka. Aliokota mawe akamrushia. Jiwe moja lilimpata mguuni, mbwa akalia mara moja tu, akasimama kwa miguu mitatu, na hakuondoka. Basi mtu yule alitupa fimbo. Aliwaambia wabaki hapo wote wafe, akawapa kisogo, akaanza kwenda zake, machozi yakimtoka kama mtoto.

Hakuwa amefika mbali aliposikia kwato. Aligeuka. Kundi lote lilikuwa nyuma yake, linamfuata polepole, na nyuma ya kundi mbwa anachechemea, huku na huku, asiache hata mwana-kondoo mmoja. Akatembea, wakatembea. Akasimama, wakasimama. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutangulia mbele ya kondoo wa baba yake.

Ukungu ulipoinuka alirudi kutazama. Pale mbwa alipokuwa amelala, nyasi zilikuwa zimelaliwa, na hatua chache nyuma ya nyasi hizo ardhi ilikuwa imekwisha. Chini kulikuwa na korongo.

Mbwa wa aina ile hakuzaliwa kwa ajili ya kufukuza. Damu yake inamtuma azunguke mbali, kimya, afike ng'ambo ya kundi, amtazame bwana wake, kisha amletee. Analeta siku zote. Lakini hawezi kumletea mtu aliyeng'ang'ania kuwa nyuma. Mtu huyo akimtazama ataona mpinzani tu, kwa sababu yeye mwenyewe amesimama pasipo pake.

Kesho yake Ambakisye alishuka kwenye mashamba ya miti. Alimkuta Gwamaka amejaa vumbi la mbao, mwembamba, nywele zimeanza kuwa na mvi ambazo kaka yake hakuziona zikiota. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alisimama mbele yake na kofia mkononi, yeye mkubwa, akasema, "Gwamaka, nilikuwa nakusukuma kwenda korongoni, na wewe ulikuwa unanizuia, twende nyumbani, safari hii nitatangulia."

Gwamaka alichukua muda mrefu kujifuta vumbi usoni. Ambakisye aligeuka akaanza kuupanda mlima, na hakuangalia nyuma, maana aliogopa kwamba akiangalia hataona mtu. Alipanda hivyo kwa kitambo. Kisha akasikia hatua, na pumzi ya mtu anayemjua tangu utoto.

Mimi niliwaona wakiwa wazee. Malisho ya bondeni yalikuwa yamerudi kuwa nyasi. Jioni, Ambakisye alisimama langoni pa baba yake akapiga mluzi, na kutoka ndani ya ukungu sauti ya Gwamaka ikamwitikia, na mbwa mwenye ukosi mweupe, mjukuu wa yule wa kwanza nadhani, akazunguka kimya kati yao. Bado waligombana. Gwamaka bado alisema hapana. Lakini nilimwona kaka yake akilisikia lile neno, akinyamaza, na kwenda kwanza kutazama kuna nini mbele.

Sasa, wazee wangu na mama zangu. Nimeambiwa kwamba leo, baada ya sala ya mwisho, mtakaa kumwondoa kwenye baraza la kanisa mama yetu mmoja, kwa kuwa katika kila jambo yeye husema hapana, tena kwa upole. Nami nimeiona kamba mliyokwisha kuiandaa. Sina la kuwakataza. Ila kabla hamjainua mikono, kila mmoja aangalie miguu yake, anijibu: wewe unayemwona yeye yuko upande wa pili, umesimama wapi?