Simba wa Fundi Mbwarali

"Paka wa kwetu ni simba." Ndivyo nilivyowaambia mliporudi mkicheka, nyinyi mlioshinda Mji wa Kale mkitafuta wanyama waliochongwa kwenye majengo ya zamani. Tembo mmemwona, tausi mmemwona, na juu ya mlango wa nyumba ya marehemu Mzee Athmani mkakuta paka mwenye manyoya shingoni. Basi kaeni. Neno hilo lilizaliwa hivi.

Enzi hizo kila tajiri aliyejenga nyumba alitaka mnyama juu ya mlango. Mzee Athmani alitaka simba, akamwita Fundi Mbwarali. Mbwarali alikuwa bingwa wa nakshi za chokaa, maua na minyororo, lakini simba hakuwahi kumwona. Kukataa kazi aliona aibu. Akawauliza wapagazi waliotoka bara, wakamwambia simba ana manyoya shingoni, ana makucha, na ni jamaa wa paka. Basi! Akaenda nyumbani, akamlaza paka wake mkekani, akamtazama mpaka akamjua.

Kazi ilipokwisha na jukwaa la fundi likaondolewa mlangoni, mtaa mzima ulivunjika mbavu. Manyoya yalitisha kweli, lakini uso ulikuwa wa mnyama anayengoja dagaa. Aliyeongoza kicheko ni Bi Mwanahawa, muuza mahamri wa baraza ya nyumba ya pili.

"Mbwarali! Huyu simba wako nimwekee maziwa?"

Kila siku alikuja na jipya. Mbwarali akaanza kupita njia ya nyuma, na mnyama mwingine hakuchonga tena. Binti yake, Kibibi, alikua akimpenda simba yule na kumwonea haya, yote mawili kwa pamoja.

Miaka ikapita. Mzee Athmani akafariki, nyumba akairithi mjukuu wake Faraji, aliyekulia mbali. Faraji akaleta mkandarasi wa kukarabati, na simba mpya wa saruji kutoka kiwandani, kinywa wazi, meno nje. Asubuhi moja Kibibi akapita, akaona ngazi imeegemezwa mlangoni na mkandarasi anapanda na nyundo. Mnyama wa pekee wa baba yake alikuwa anakwenda kuvunjwa, naye akasogea mpaka chini ya ngazi.

Mkandarasi akamgonga simba kichwani kwa kidole, akacheka. "Hiki kipaka kimekaa hapa miaka yote hii? Kwani watu wa huku hawana macho?"

Bi Mwanahawa, sasa bibi kizee lakini bado anauza mahamri pale pale, akaweka sinia chini. "Umemwita nani kipaka?"

"Mama, si unamwona mwenyewe?"

"Namwona tangu wewe hujazaliwa. Nimemcheka mpaka meno yameniisha, kwa sababu ni wetu. Wewe umetoka wapi na kicheko chako?" Akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Shuka, baba. Paka wa kwetu ni simba!"

Watu wakatoka majumbani, wakaizunguka ngazi. Wote walikuwa wale wale waliomcheka. Faraji, aliyesimama kando na simba wake mpya, akatazama nyuso zile, akatazama juu, mwishowe akatabasamu. "Shuka, fundi. Nyumba hii ina mlinzi wake."

Kibibi hakungoja zaidi. Alikimbia nyumbani, akamshika mkono baba yake, mzee sasa, akamleta kwa njia ya mbele. Watu wakampisha. Mbwarali akainua uso, akamtazama simba wake.

"Masikio nilikosea," akasema.

"Hukukosea kitu," akajibu Bi Mwanahawa. "Simba wote wangependeza hivi, sema hawakupata fundi."

Kibibi akasimama kifua mbele, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mtaa: "Huyu kachongwa na baba yangu!"

Yule wa saruji yuko uani hadi leo, kuku wanalala mgongoni mwake. Nanyi kesho mkipita pale, chekeni mpaka mshibe, maana nyinyi ni wa hapa. Lakini mgeni akicheka, mwambieni: paka wa kwetu ni simba.