Bwana Kiondo Achagua Alama

Aliyemletea Mwanakombo habari hiyo kwanza ni Chausiku, muuza vifungo: tajiri Kiondo anataka kusajili tausi, alama ya madera ya Mwanakombo, iwe yake. Kabla ya adhuhuri Kiondo mwenyewe alifika, tumbo likitangulia.

"Wewe fundi, tausi ni wangu sasa. Ukimbandika tena nitakushtaki."

"Mchukue, baba," alisema Mwanakombo. "Ndege ni picha tu. Ila niachie uzi wangu mwekundu wa pindoni."

"Uzi gani?"

"Wanawake wa hapa hawalipi kabla ya kufunua pindo. Wakiuona uzi huo, wanajua wameshika nini."

Kiondo alicheka. "Ndiyo maana mnabaki maskini, siri zenu mnazitema wenyewe! Basi nachukua vyote viwili."

"Ukichukua vyote, nitaleta soko zima likupinge huko kwenye usajili. Chukua kimoja, sitafungua mdomo."

"Haya, baki na kuku wako. Nachukua uzi."

Siku hiyohiyo alipeleka maombi, na mafundi wake wakatia uzi mwekundu kwenye madera yote ya dukani.

Asubuhi iliyofuata Mwanakombo alikwenda kumsajili tausi wake. Aliporudi alipita dukani kwa Kiondo, akakuta wanawake wamefunua mapindo, wanadai nusu bei.

"Nusu bei kwa nini?" Kiondo alifoka.

"Uzi mwekundu ni nguo yenye kasoro," walimjibu. "Mwanakombo huwa hatufichi."

Mwanakombo naye akachagua dera moja, akaweka nusu bei mezani, akaenda kulifanya tambara la kudekia.