Siku Ndugu Kyengo Alipoliacha Basi la Hekaluni

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba chini ya vilima vya Chyulu aliishi mja mmoja, Ndugu Kyengo, Mungu amrehemu, mtu wa sala na mtu wa nyumba yake. Alikuwa miongoni mwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao majirani huwaita Wamormoni. Kila Jumatatu jioni aliwakusanya mkewe na wanawe, wakasoma maandiko na kuimba, naye aliimba vibaya kuliko wote. Jumapili ya kwanza ya mwezi alifunga bila kukunja uso. Pombe hakuigusa, wala kahawa, wala chai; na katika nchi ambayo mgeni asipopewa chai huondoka akinung'unika, hilo si jambo dogo.

Lakini ucha Mungu nao una mitego yake. Bintiye wa kwanza, Mbithe, alifiwa na mume akiwa na watoto wawili wadogo, akafungua hoteli ya chai na mandazi pale sokoni. Kyengo akaona aibu. Alisimama mlangoni mbele ya wateja akasema, "Sikukulea uje uuze nilichokukataza kunywa. Mguu wangu hautaingia humu." Na haukuingia kwa miaka mitatu. Mbithe naye akaacha kwenda kanisani. Hakuna amri iliyomtuma Kyengo kusema vile; aliongeza chumvi yake mwenyewe.

Zama zile hekalu lililokuwa karibu lilikuwa kusini kabisa mwa Afrika, safari ya siku nyingi kwa basi. Waumini hawa huamini kwamba humo mume na mke huunganishwa kwa milele, hata kifo kisiwatenge. Mkewe Kyengo, Dada Ndunge, aliingoja safari hiyo miaka kumi na mmoja. Sasa moyo wake ulikuwa mgonjwa na miguu imevimba, na safari nyingine isingekuwapo mpaka miaka miwili ipite.

Jumapili kabla ya safari, rais wa tawi lao, yaani kiongozi wa kanisa lao pale, Ndugu Munyoki, alimhoji Kyengo kama ilivyo desturi kabla ya mtu kupewa kibali cha kuingia hekaluni. Akamuuliza kama ana amani na watu wa nyumba yake.

"Ninayo," akajibu Kyengo, akapewa kibali chake. Alipofika langoni akageuka, akarudi.

"Rais, nimekudanganya. Nina mtoto ambaye sijamsalimia miaka mitatu."

Munyoki alikipokea kile kibali kwa huzuni. "Nenda ukapatane naye, ndugu yangu. Basi litapita sokoni Jumatano adhuhuri. Nitakuwa nacho mfukoni."

Ndunge aliposikia habari hiyo aliacha kukunja nguo za safari. "Baba Mbithe," akasema, "nilikwambia siku ileile umrudie mtoto. Ndiyo kwanza unakumbuka leo, na hali yangu unaiona?" Kisha akajifuta macho. "Nenda. Jumatano nitakuja na begi."

Jumanne asubuhi Kyengo akaingia katika hoteli ya bintiye kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Mbithe hakuacha kukanda unga. "Umekuja kwa ajili yangu, Baba, au kwa ajili ya lile basi?"

Mwingine angeapa papo hapo. Kyengo aliinamisha kichwa. "Nyumbani nimetoka kwa ajili ya basi," akasema. "Lakini nimeona mikono yako ilivyoungua kwa mafuta, na mimi babako sikujua. Sasa niko hapa kwa ajili yako."

"Haya. Vyombo vichafu viko pale."

Akakunja mikono ya shati, akaosha. Wateja walipozidi akashika birika, akawa anawamiminia chai. Waumini wenzake walipita njiani wakamwona, na mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, Ndugu Kyengo yamemfika!" Mimi hucheka kila nikilikumbuka hilo. Yeye hakujitetea. Jioni ikaingia, na Mbithe hakuwa amesema neno la msamaha. Kesho yake Kyengo akarudi kwenye vyombo vyake.

Adhuhuri basi likafika. Ndunge alikuwa amekwisha kusimama kando ya barabara, amevaa gauni lake la heshima, begi miguuni. Munyoki akashuka, kibali mkononi.

"Ndugu Kyengo, mmepatana?"

Dereva akapiga honi. Kyengo alimtazama mkewe, kisha akamtazama Mbithe, aliyesimama mlangoni mwa hoteli. Lilihitajika neno moja tu, na hakuna ambaye angelipinga.

"Bado," akasema.

Basi likaondoka. Ndunge aliketi juu ya begi lake akalia kwa sauti, na watu wa soko wakageuza nyuso kwa haya.

Ndipo Mbithe akatoka. Akapiga magoti mbele ya mamake, akamvua viatu, akaiweka ile miguu iliyovimba mapajani mwake. "Baba," akasema bila kuinua kichwa, "ungesema ndiyo, nisingekukana."

"Najua, mwanangu. Lakini ungebaki ukijua kwamba nilikuruka."

"Nimekusamehe," akasema Mbithe, na hapo Kyengo naye akalia.

Jumapili iliyofuata Mbithe alikuja kanisani na watoto wake. Ndunge aliishi miezi saba zaidi, bintiye akimwosha na kumlisha kwa mkono wake. Sitawaficha: alilitamani hekalu mpaka pumzi ya mwisho, na Kyengo alijilaumu sana. Wako waliomwambia kwamba angesema ndiyo tu, Mungu angeelewa.

Ilipofika safari ya pili alipanda basi, na Mbithe alipanda pamoja naye, ana kibali chake mwenyewe. Ni imani ya watu hawa kwamba aliye hai aweza kusimama mahali pa aliyefariki, ili naye asikose ahadi. Huko hekaluni wakaulizwa ni nani atakayepiga magoti kwa niaba ya marehemu Ndunge.

Mbithe akapiga magoti. Kyengo akampa mkono juu ya madhabahu, akauona uso wa mkewe katika uso wa mtoto aliyekuwa amemkataa. Wasimulizi wanasema aliushika mkono ule kwa muda mrefu, na wahudumu wa hekalu wakamsubiri.

Ndugu zangu, mimi pia ni baba, na ulimi wangu naujua. Kila nikimaliza kukisimulia kisa hiki huondoka upesi bila kungoja maswali, nikaenda kumtafuta binti yangu.