Gari la Kiboko Lililogoma Kupanda Kilima

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, yana njaa!

Basi, hapo kale Kiboko alichoshwa na matope ya mtoni. Akatamani maisha ya matembezi: alale kilimani, achome mahindi, apigwe na upepo. Akaenda kwa Kasuku, dalali wa magari.

"Hili jipya linapanda kilima?"

"Kilima? Hata mawingu linapanda!"

Kiboko akanunua. Gari linang'aa, linanukia. Akalijaza matikiti, yote yake peke yake, akaondoka. Vuuum!

Njiani akamkuta Pimbi na mkewe na watoto, wamemshika mikono bibi yao mgonjwa. Kisima chao kilikuwa kimekauka, wakawa wanakwenda kwenye chemchemi iliyo juu ya kilima.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Tubebee bibi tu, sisi tutatembea."

"Marahaba. Lakini viti hivi vipya, na bibi ana vumbi."

Vuuum! Huyo!

Chini ya kilima pana mchanga. Gari likaingia. Vuu... vuu... chwiii! Kiboko akakanyaga mafuta. Chwiii! Likazama mpaka tumboni. Kiboko akazima gari. Kilima anakiona kwa macho, kukifikia hawezi.

Pimbi na watu wake wakafika, polepole.

"Pole, Bwana Kiboko."

"Kasuku kaniuzia sanduku, Pimbi! Sanduku lenye taa!"

Pimbi akatega sikio kwenye boneti.

"Sss! Linasema."

"Linasema nini?"

"Linasema, aliyenikalia ni mzito, ashuke."

Kiboko akashuka. Gari likainuka, kweee! Kiboko akatoa macho.

"Linasema nini tena?"

"Linasema, matikiti ni mazito, yaliwe."

"Yaliwe na nani?"

"Wewe halikukutaja."

Wakala. Kwachu, kwachu, kwachu!

"Linasema nini tena?"

"Linaona haya kupanda tupu. Bibi akae mbele, sisi nyuma. Wewe mwenye nguvu, sukuma."

"Ala! Na matikiti si yamo matumboni mwenu?"

"Tikiti likishaliwa, Bwana, si tikiti tena."

Kiboko akafikiri, akaona ni kweli. Akasukuma. Hi-hii! Hi-hii! Gari likatoka mchangani, likaanza kupanda. Kila akijaribu kuingia, linagoma, chwiii! Kila akishuka kusukuma, linakwenda. Hi-hii! Hi-hii! Mpaka juu kabisa.

Bibi akashushwa, akanywa maji, akanywa tena, macho yakafunguka.

"Mjukuu wangu Kiboko," akasema, "gari lako zuri. Halirushi mtu hata kidogo."

Kiboko akajitumbukiza kwenye chemchemi mpaka puani. Upepo ukavuma. Palikuwa pazuri vilevile alivyoota, ila gari halikumfikisha yeye. Yeye ndiye aliyelifikisha gari. Jua lilipopoa akateremka kwa miguu, wala hakugeuka nyuma. Gari likabaki hukohuko, na bibi akalifanya chumba chake.

Funzo ni hili, wanangu: msiseme uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nayo njia ya Pimbi siku ile ilikuwa fupi kweli, alifika kileleni hata miguu haijamuuma.

Ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie chumvi.