Mshale Chini ya Kiganja

Wapendwa, kabla hatujalifikia somo lenyewe, twendeni kwanza dukani. Akina mama msifurahi, si duka la vitenge. Ni duka la vifaa vya safari, na ndani yake amesimama bwana mmoja, dereva wa malori mstaafu. Anachagua GPS ya mkononi, kile kidude kinachowasiliana na setilaiti kikakuonyesha ulipo na upande wa kule unakokwenda.

Huyu bwana umri wake wote aliumalizia barabarani. Watoto walizaliwa yeye yuko safarini, wakaoa na kuolewa yeye yuko safarini. Alipostaafu akarudi nyumbani, akakuta yeye na mkewe ni wageni wawili. Mnacheka, lakini humu ndani wapo wanaojua ninachosema. Wanakula meza moja, kimya, kama abiria wasiojuana. Basi bwana akatafuta jambo la kufanya na mkewe. Hoteli moja ya pale ziwani ilikuwa inafungwa, akanunua kwao kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa watu wawili, kila mmoja na kafi lake. Wakawa wanavuka hadi kisiwani, wanapanda kilima, wanarudi. Na mama wa watu akapenda. Akaanza kucheka tena.

Kisha siku moja bwana akapotea naye kule kilimani. Mchungaji wa mbuzi alikuwa amewaelekeza vizuri, yeye akasema njia anaijua. Wakazunguka mpaka mvua ikawaloanisha chapachapa. Kufika nyumbani mama akasema basi, imetosha, hatakwenda tena mpaka inunuliwe mashine ya kuonyesha njia, na mwenye nayo aitii. Bwana akaapa ataitii.

Ndiyo maana yuko dukani, anachagua kwa makini kuliko alivyochagua mchumba. Cha kwanza kilikuwa na kioo kikubwa cha kugusa. Dada muuzaji akamwambia aloweshe kidole ajaribu, kioo kikagoma. Sasa ziwani utapata wapi kidole kikavu? Cha pili kilikuwa kizuri, lakini kikitumbukia majini ndiyo kwaheri. Cha tatu kilikuwa kidogo, hakina urembo, ila kina vitufe, kinaelea, kinatumia betri za kawaida, na alipotoka nacho juani aliweza kukisoma. Akabakiza swali moja: je, hiki kinasema kweli? Dada akamjibu kwamba kazi yake ni hiyo tu, kubembeleza hakijui. Bwana akasema hicho hicho ndicho anachotaka.

Jumamosi wakavuka. Walipouvuta mtumbwi ufukweni, bwana akabonyeza kitufe, mashine ikaihifadhi sehemu ile. Wakapanda kilima, wakala viazi vyao vya kuchemsha kule juu, mama akamtania mumewe kuhusu kitambi chake. Wakati wa kushuka wingu likakifunika kilima, na njia ikagawanyika. Mshale wa mashine, wa kuwarudisha mtumbwini, ukaelekeza kushoto, kwenye kijia chembamba cha miiba. Kulia palikuwa na njia pana, imekanyagwa vizuri. Na huyu ni dereva, jamani. Dereva anajua njia pana ndiyo inayokwenda kwa watu. Naona mmeshaanza kutabasamu, njia pana mnaijua.

Mama akauliza, "Baba Tumsifu, mashine inasemaje?"

Akaifunika kwa kiganja. "Inasema tuko sawa."

Niwaulize, alikuwa mtu mbaya huyu? Hata kidogo. Aliogopa. Aliogopa mke wake asimwone amepotea mara ya pili, akarudi kwenye ule ukimya wa mezani. Mimi namhurumia kabisa.

Lakini njia ile haikufanywa na watu. Ilifanywa na viboko, wanaopanda usiku kula majani na kurudi majini. Ikawafikisha upande wa pili wa kisiwa, ndani ya matete, na mbele yao maji yakapumua. Wakakimbilia mwamba. Katika kuupanda mama akateleza, goti likavimba papo hapo. Wakakaa pale juu, wananyeshewa, mpaka wavuvi wa dagaa walipoliona shati la bwana likipungwa.

Na walipokuwa pale mwambani bwana alisema nini? Alisema mashine imewadanganya. Mkewe, anatetemeka, goti limejaa, akamshika mkono. "Pole, mume wangu. Ungejuaje?"

Ndugu zangu, bwana aliona afadhali kiboko.

Jumatatu mama akamwongoza kwenda dukani, anachechemea, akamwambia yule dada kwamba wamemuuzia mume wake mashine mbovu, nusura wafe. Dada akasema pole, akaiwasha. Ile mashine huwa inachora kila unapopita. Dada akatazama, akawasogezea waone. Mtumbwi huu hapa. Njia panda hii hapa. Nyie mlikwenda huku, mkaupa mtumbwi mgongo. Tena mshale hauchoki, akasema; kila mlipozidi kupotea uligeuka, ukawaonyesha mtumbwi uliko. Hata pale mwambani ulikuwa unaonyesha.

Bwana akasema kwa sauti ndogo, nibadilishie tu. Dada akamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Nikupe cha namna gani, mzee wangu?"

Angejibu nini? Aseme nataka kinachonikubalia? Machozi yakamtoka mzee wa watu, palepale mbele ya wateja. "Mama Tumsifu, kilisema twende kushoto. Nilikifunika."

Mama akaitazama mashine, akamtazama mumewe. Kisha akaichukua pale mezani. "Asante, mwanangu," akamwambia dada. "Hii ni nzima. Mgonjwa ni huyu, naye nitamuuguza mwenyewe nyumbani."

Goti lilipopona wakavuka tena. Safari hii mashine ilikuwa shingoni kwa mama, na bwana alipewa kafi.

Sasa tugeuke kwetu, maana huyu dereva amekaa humu, na hajakaa kiti kimoja. Sisi tukiomba, tunaomba nini? Ee Bwana, nionyeshe njia. Tunaomba mke mkweli, rafiki mkweli, mchungaji asiyepindisha maneno. Tunapewa. Halafu siku mke anasema, baba, hapa unakosea, ghafla ana mdomo. Rafiki akisema, ana wivu. Nami nikisema, mnataka kunihamisha. Tuseme ukweli: mara nyingi hatukuomba kuongozwa, tuliomba kukubaliwa.

Na wewe uliyekwisha kufika kwenye matete, unayesikia maji yanapumua, unasema nimekwenda mbali mno, Mungu amenichoka. Nani kakwambia? Ule mshale ulimfokea yule bwana? Ulimsimanga? Kila hatua aliyopotea uligeuka ukaanza upya, kutokea palepale aliposimama. Kama kidude cha dukani kina uvumilivu huo, aliyekuumba je?

Hata sasa hivi mshale unaonyesha. Fungua kiganja, ndugu yangu.