Ukumbi wa Waheshimiwa

Hapo zamani za kale, ila si kale sana maana mtandao ulikuwa umeshafika porini, paliondokea mwalimu mmoja jina lake Pimbi. Mnamjua pimbi, wanangu? Yule mfupi wa majabalini. Basi huyu alikuwa mfupi hasa, hata akitaka kuandika ubaoni husimama juu ya debe.

Mwaka huo masika yalikuja na ghadhabu. Mto ukafurika, shule ikabaki huku, wanafunzi wakabaki kule.

"Tutasomaje, mwalimu?" wakapiga kelele kutoka ng'ambo, Kobe, Sungura na Nungunungu.

"Azimeni simu za wazazi wenu," akajibu Pimbi. "Tutasomea mtandaoni."

Na kusoma ilikuwa lazima. Mtihani wa Bonde ulikuwa umekaribia, na wakubwa walishatangaza: darasa likifeli tena, shule inafungwa, uwanja unakuwa malisho ya nyati. Pimbi alilala na habari hiyo, akaamka nayo.

Lakini aliyemtesa Pimbi hakuwa mto. Alikuwa Mwalimu Mkuu, Bwana Kiboko.

Desturi ya shule ile ilikuwa hivi: somo halianzi mpaka mkubwa atoe neno. Na neno la Kiboko lilikuwa halitembei peke yake, lilikuja na ukoo mzima.

"Kho! Kho!" hukohoa kwanza. "Watoto, mimi sina mengi ya kusema."

Kisha huyasema. Atasema ya mvua, atasema ya nidhamu, atasema alivyokuwa akipata taabu kuvuka mto kwenda shule, kiboko mzima! Akichoka, Mzee Tembo, mwenyekiti wa kamati ya shule, huinua mkonga.

"Naomba niongezee kidogo tu."

Lo! Kabla hajamaliza kuongezea, utasikia tii! Simu ya kina Sungura bando limekwisha. Tii! Ya kina Kobe nayo. Watoto wanapotea kiooni mmoja mmoja, na somo bado halijaanza.

"Mwalimu," Nungunungu aliwahi kuuliza siku moja, "nusu na robo ipi kub..." Tii!

Pimbi alitaka kulia, na kweli akalia kidogo. Kisha akafuta machozi, akapanda jabali refu ambako mtandao hushika vizuri, akaanza kupekua zana za kufundishia.

Akajaribu ya kwanza. Humo namba zilicheza ngoma, ndi ndi ndi! Watoto wakacheza nazo, hesabu wakaisahau. Akajaribu nyingine, yenye kupongeza kila jibu. Kobe akaandika kwamba mbili jumlisha mbili ni ndizi. Zana ikamwambia, "Hongera, bingwa!"

"Toka hapa!" Pimbi akaifokea, akaifuta.

Akapekua weee, mpaka akakuta moja yenye vyumba. Mwalimu angeweza kuwagawa watu, hawa chumba hiki, wale chumba kile, na wa huku wasisikie ya kule. Tena ukiirekodia sauti, zana ile huitoa yenyewe kila msemaji anaponyamaza.

Pimbi akatulia. Masharubu yakaanza kumcheza.

"Ahaa!" akasema. "Kumbe dawa iko hapa!"

Akawarekodi watoto wakiitikia na kupiga makofi, kama wafanyavyo kila siku darasani. Kisha akampigia simu Kiboko.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Pimbi. Kuna nini?"

"Kuna jambo linaniuma, Mkuu. Mtu mzito kama wewe unapita mlango mmoja na kina Kobe! Haipendezi. Nimefungua mlango wa pili, unaitwa Ukumbi wa Waheshimiwa. Lakini labda umeshazoea ule wa watoto..."

"Nani? Mimi?" Kiboko akavimba. "Mimi ni wa waheshimiwa! Ila, je, sauti za watoto nitazisikia?"

"Utazisikia wazi, Mkuu."

"Na Mzee Tembo?"

"Naye nimemwekea nafasi. Tena pana sana."

Siku ya somo ikafika. Watoto wakapita mlango wao, wakubwa wakapita wao. Chumba hiki Pimbi anakata chungwa vipande vinne, anaonyesha robo. Ukumbini kule, Kiboko anakohoa.

"Kho! Kho! Watoto, mimi sina mengi ya kusema."

Akasema, akasema, mpaka pumzi ikamwishia. "Mmeelewa?"

"NDIYOOO, MWALIMU MKUU!" Pa! Pa! Pa!

Kiboko akafurahi mno. Hajawahi kupata watoto wasikivu namna ile.

Ikawa hivyo kila somo. Lakini za mwizi ni arobaini, na siku moja Kiboko akauliza, "Kuna mwenye swali?"

"NDIYOOO, MWALIMU MKUU!"

"Aulize basi."

"NDIYOOO, MWALIMU MKUU!"

"Nani huyo? Jina lako nani?"

Pa! Pa! Pa!

Kiboko akakunja uso. "Mzee Tembo, hawa watoto wana nini leo?"

Pimbi, aliyekuwa akichungulia ukumbini, chungwa likamponyoka pu! Kwisha kazi, kwisha shule!

Tembo akainua mkonga. "Naomba niongezee kidogo tu. Nionavyo mimi, wanataka uendelee."

"Kumbe!" Kiboko akalainika. "Basi, kwa kumalizia..."

Hakumalizia. Na Pimbi akarudi kwenye chungwa lake.

Mtihani ukaja, majibu yakatoka. Wamefaulu wote! Hata Kobe, aliyerudisha karatasi wa mwisho. Vigelegele vikasikika bonde zima, na nyati wakaambiwa watafute malisho kwingine.

Maji yalipopungua, wazazi wakakusanyika uwanjani. Kiboko akasimama mbele, kifua nje.

"Kho! Kho! Wazazi, haya ni matunda ya hotuba zangu! Hamniamini? Kobe, simama! Waambie nilikuwa nawaambia nini."

Lo! Tangu ukumbi ufunguliwe, mtoto wa watu hajasikia hata hotuba moja! Akisema kweli, mwalimu wake hana kazi. Akidanganya, atadanganya nini?

Kobe akatoa kichwa taratibu. Akamtazama Pimbi. Akamtazama Kiboko.

"Ulisema..." akaanza. "Ulisema wewe huna mengi ya kusema."

Wazazi wakatazamana.

"Neno kwa neno!" Kiboko akanguruma, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Mmesikia, wazazi? Neno kwa neno! Basi kwa kuwa mnapenda, nitayarudia yote tangu mwanzo."

"Nami nitaongezea kidogo tu," akasema Tembo.

Wazazi wakashika vichwa. Pimbi akawakonyeza watoto, wakanyata nyuma ya umati, nyatu nyatu, wakaingia darasani. Akapanda juu ya debe lake, akaanza somo.

Nami hapa naishia, nisije nikawa kama Kiboko. Funzo ni moja, wanangu: apendaye sauti yake mno hajui lini ameachwa peke yake.